Chumba Kidogo Ndicho Hasa cha Sakafu ya Mbao

Mwambie fundi yeyote wa Dar es Salaam kwamba unataka kutandika mbao halisi kwenye sakafu ya chumba chako cha kulala, chumba cha mita 3 kwa 3, na jibu utalipata kabla hujamaliza kusema. "Bosi, hizo ni za Ulaya. Hapa zitavimba, na mchwa watazila. Weka tailizi." Muuza vifaa vya ujenzi atasema hivyo hivyo. Jirani naye. Shangazi aliyepita kuangalia ujenzi umefikia wapi ataongeza kwamba mbao chini ni mambo ya kumbi na majumba ya wakubwa, chumba kidogo namna hiyo kina haja gani na gharama zote hizo. Na akiwepo kijana aliyesoma, ataleta hoja ya misitu. Maneno haya yamerudiwa miaka mingi hadi yamekuwa kama kanuni ya ujenzi. Nyumba mpya kutoka Kibaha hadi Goba zinamaliziwa kwa vigae vyeupe vinavyong'aa, chumba baada ya chumba, na hakuna anayeuliza kama ipo njia nyingine.

Nimekaa na maseremala muda wa kutosha, na nimeshika randa mwenyewe, hivyo nasema bila kusita: kanuni hiyo ni potofu karibu katika kila kipengele chake. Tena imekaa kichwa chini miguu juu. Kama kuna mahali ambapo ubao halisi hukaa vizuri sakafuni, kwa usalama na kwa gharama inayobebeka, mahali hapo ni chumba kidogo cha mtu wa kawaida. Ukumbi mkubwa ndio wenye taabu.

Nianze na hili la kuvimba, maana ndilo linalotajwa kwanza na ndilo lisilochunguzwa kabisa. Ubao, hata uwe umekatwa miaka 50 iliyopita, hunyonya unyevu hewa ikiwa nzito na kuuachia hewa ikikauka. Ukinyonya hupanuka, ukiachia husinyaa. Hilo ni kweli na hakuna seremala anayelikataa. Lakini ubao haupanuki sawasawa pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, badiliko ni dogo kiasi cha kutohesabika. Badiliko linaloisumbua sakafu liko kwenye upana. Kwa hiyo sakafu ya mbao hukua upande mmoja tu wa chumba, ule unaokatiza mbao, na hukua kulingana na idadi ya mbao zilizopangwa kando kwa kando.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wanaosema "zitavimba" hawajawahi kusema zitavimba kwa milimita ngapi. Chukua msaji, ambao wengi siku hizi wanauita mtiki. Ukiwa umepasuliwa kwa namna ya kawaida, kila unyevu wake unapopanda kwa asilimia 1, upana wa ubao huongezeka kwa kiasi kisichofika sehemu 2 katika 1,000. Chumba cha mita 3, unyevu wa mbao ukipanda kwa asilimia 3 kutoka miezi mikavu hadi masika, sakafu nzima itaongezeka kama milimita 17. Ukiacha nafasi ya milimita 12 kila upande wa ukuta, sakafu inapanuka na nafasi bado inabaki. Nafasi yenyewe haionekani, inafunikwa na skatingi, ule ubao mwembamba unaozungushwa chini ya ukuta. Mbao zilizopasuliwa kwa kufuata mstari wa kutoka kwenye moyo wa mti kwenda nje hupanuka karibu nusu ya hapo.

Peleka hesabu hiyo hiyo kwenye ukumbi wa mita 10. Milimita 17 zinakuwa zaidi ya 55. Hakuna skatingi ya kawaida inayoweza kuficha pengo la namna hiyo. Fundi analazimika kuigawa sakafu vipande, kuweka viungo vya chuma katikati, au kutumia mbao za tabaka zilizogandishwa kiwandani. Hapo ndipo ujuzi mkubwa na fedha nyingi zinapohitajika. Wanaosema mbao ni za kumbi kubwa wamechukua mahali pagumu kuliko pote wakapafanya ndiyo mahali pake, kisha mahali rahisi kuliko pote wakapapiga marufuku.

Kuna jambo la pili kuhusu udogo wa chumba ambalo sijasikia fundi akilitaja, ingawa liko mbele ya macho yake kila siku. Mbao zetu huuzwa kwa futi 12. Futi 12 ni mita 3 na sentimita 66. Maana yake, kwenye chumba cha mita 3 ubao mmoja unatoka ukuta hadi ukuta bila kiungo hata kimoja. Ulaya na Marekani, mbao za sakafu huja kwa vipande vifupi vya urefu tofauti, na kazi kubwa ya fundi ni kupanga vichwa vya mbao visikutane kwenye mstari mmoja. Sisi, kwenye chumba kidogo, hatuna shida hiyo. Unapata sakafu ya mbao ndefu zilizonyooka, kitu ambacho kwingine ni anasa, na vipande vinavyobaki vya sentimita 60 hivi vinatosha kutengenezea kizingiti na rafu ya vitabu.

Twende kwenye hali ya hewa. "Hapa si Ulaya, hapa kuna joto na unyevu." Ni kweli, na ndiyo sababu ubao hapa hupata nafuu. Kinachoutesa ubao ni kubadilika kwa unyevu, na si unyevu wenyewe. Katika nchi za baridi, watu huwasha vipasha joto miezi mingi, na hewa ya ndani hukauka sana hadi unyevu wa mbao ukashuka karibu na asilimia 6. Ikija miezi ya joto unapanda hadi 11 au zaidi. Kila mwaka ubao unavutwa na kuachiwa, unavutwa na kuachiwa. Pwani yetu hewa ni nzito, ndiyo, lakini ni nzito mwaka mzima. Ubao uliozoea Dar es Salaam hutulia kwenye asilimia 14 hadi 16 au karibu na hapo, na hautoki mbali. Dodoma na Singida hewa ya kiangazi ni kavu zaidi na mabadiliko ni makubwa kidogo, lakini hayo nayo yanahesabika, na hesabu yake ni ile ile niliyoonyesha.

Watu wa mwambao hawahitaji kuhubiriwa kuhusu mbao na unyevu. Majahazi yaliundwa kwa mbao, yakashushwa baharini, yakakaa humo miaka. Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mingi ya msaji, imepigwa na mvua ya masika na upepo wa chumvi kwa zaidi ya karne, na bado inafunguka na kufungwa. Kama ubao uliweza kuishi nje barazani pale Shangani, sioni kwa nini ushindwe ndani ya chumba chenye paa na madirisha.

Mbona basi sakafu nyingi za mbao zilizojaribiwa hapa zimeharibika? Zimeharibika kweli, na sitaki kujifanya sijaziona. Niliwahi kuonyeshwa chumba kimoja Tabata ambacho mbao zake zilikuwa zimeachana hadi sarafu inasimama katikati, na kwenye kona moja zilikuwa zimeinuka kama mgongo wa ng'ombe. Mwenye nyumba aliapa hatarudia tena. Nilipomuuliza mbao alizinunua lini na zikatandikwa lini, jibu likafichua kila kitu: ziliingia asubuhi kutoka kwa muuzaji, jioni zikawa zimeshapigwa misumari. Jamvi la zege lilikuwa halijamaliza hata miezi miwili. Na upande ulioinuka, mbao zilikuwa zimebanwa kwenye ukuta bila nafasi hata ya ukucha.

Hapo ndipo penye tatizo, na inafaa tupachunguze taratibu, kwa sababu maoni yote ya "mbao hazifai" yamejengwa juu ya makosa matatu haya.

La kwanza ni mbao mbichi. Mti unapokatwa huwa umejaa maji, na ubao huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Ubao ulionunuliwa ukiwa na asilimia 30 na kutandikwa siku hiyo hiyo utakauka ukiwa sakafuni hadi kufika 15. Hapo hatuzungumzii tena asilimia 3 za masika na kiangazi, tunazungumzia asilimia 15. Ubao wenye uso wa milimita 85 utapungua zaidi ya milimita 2, na kila ubao utafanya hivyo, na kwenye chumba cha mita 3 mapengo yote yakijumlishwa yatazidi sentimita 8. Hakuna gundi wala msumari wa kuzuia nguvu hiyo. Lakini kosa hilo ni la nani? Ubao umefanya kile ambacho ubao wowote duniani hufanya. Kitanda kilichotengenezwa kwa mbao mbichi nacho hulegea na kulia usiku kucha, na hatujawahi kusema vitanda vya mbao havifai Tanzania.

Dawa yake ni subira na kivuli. Mbao za inchi moja, zikipangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, chini ya paa, mbali na ardhi, hukauka vya kutosha kwa miezi kadhaa katika joto letu. Anayeweza kununua zilizokaushwa kwenye tanuru la kukaushia mbao anunue hizo. Kisha, na hili halina mbadala, mbao ziingizwe ndani ya chumba chenyewe zikae wiki mbili au tatu, madirisha yakitumika kama yatakavyotumika siku zote. Kama chumba kina kiyoyozi na mwenyewe hulala nacho, kiwashwe kama kawaida wakati mbao zinazoea, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa na ubao utakaoishi nacho lazima ukijue kabla ya kufungwa. Mtu akiwa na wasiwasi, apime. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa mbao, kina sindano mbili, kinashikika mkononi. Maseremala wa Keko wanaotengeneza samani za maelfu ya watu wangekuwa nacho kila karakana, tungelalamika kidogo sana kuhusu mbao.

La pili ni jamvi. Zege jipya lina maji mengi kuliko linavyoonekana. Wajenzi hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene, na hapo ni kama mvua hailipigi na hewa inapita. Jamvi la inchi 4 likitandikiwa mbao baada ya wiki sita, maji yote yaliyobaki yatapanda juu, na ubao utanyonya upande wa chini tu huku upande wa juu ukiwa mkavu. Ndipo unapojikunja kingo. Jaribio lake halina gharama: kata kipande cha nailoni nzito cha mita moja kila upande, kibandike kwenye jamvi kwa utepe wa gundi kingo zote nne, kiache usiku na mchana mzima au zaidi. Ukifunua ukakuta matone au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, subiri. Na hata likiwa kavu, nailoni nzito itandazwe chumba kizima kabla ya kitu kingine chochote, mapande yapandane kwa upana wa shubiri na yapandishwe kidogo ukutani. Unyevu wa ardhini haungoji ruhusa ya mtu.

La tatu ni kubana. Fundi mzuri wa vigae anajivunia kazi isiyo na mwanya, na anapopewa mbao huleta fahari hiyo hiyo, akazikandamiza hadi ukutani. Kwenye mbao, mwanya wa ukutani ndio uhai wa sakafu. Mbao zisipopata pa kwenda pembeni huenda juu.

Namna ya kutandika yenyewe haina siri. Juu ya nailoni zinalazwa papi za mbao za dawa, inchi mbili kwa mbili, zikiachana sentimita 40 hivi, zikasawazishwa kwa pimamaji hadi zikae sawa kabisa. Mbao za sakafu zinakatiza papi. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Msumari unapigwa kwa kulalia kwenye ulimi, kisha mfereji wa ubao unaofuata unaufunika, hivyo ukimaliza chumba kizima huoni msumari hata mmoja isipokuwa kwenye ubao wa kwanza na wa mwisho. Ubao wa kwanza haufuati ukuta, unafuata kamba iliyovutwa, maana kuta zetu mara chache zimenyooka, na ukiufuata ukuta uliopinda utaubeba upindaji huo hadi mwisho wa chumba. Sakafu itapanda kama sentimita 7, kwa hiyo mlango utapunguzwa chini na kizingiti kitapangwa mapema. Asiyetaka ipande hivyo anaweza kugundisha mbao moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji iliyosawazishwa vizuri, kwa gundi inayonyumbulika, lakini hapo jamvi lazima liwe kavu bila shaka yoyote. Mbao ziwe nyembamba. Ubao wenye uso wa milimita 85 ukipanuka kwa masika unaongezeka nusu milimita tu, jambo ambalo jicho haliligundui. Wanaong'ang'ania mbao za inchi 8 kwa sababu zinaonekana za kifahari wanajitafutia mapengo na kingo zilizoinuka.

Ni kazi ambayo seremala yeyote anayeweza kutengeneza mlango wa paneli anaiweza. Mlango wa paneli una viungo vigumu zaidi. Wala si kazi ya kujifunza nje: ulimi na mfereji ni ule ule ambao wazee walitumia kwenye dari za mbao za shule na makanisa ya zamani.

Mchwa, basi. Hofu hii naiheshimu zaidi ya nyingine, kwa sababu mchwa wa nchi hii hawana mzaha. Lakini sikiliza inavyotumika: weka vigae, mchwa hawatakula. Mchwa hawali vigae, ndiyo. Watapita kwenye ufa wa pembeni mwa jamvi, au pale bomba linapotoboa zege, wapande ndani ya ukuta, wale fremu za milango, kabati, na mbao za paa. Nyumba ngapi zenye vigae kuanzia barazani hadi chooni zimeliwa paa? Kinga ya mchwa hutolewa ardhini kabla jamvi halijamwagwa, kwa dawa, na kwa jamvi lisilo na nyufa. Nyumba isiyo na kinga hiyo iko hatarini ikiwa na mbao sakafuni au isiyo nazo.

Kisha kuna ubao wenyewe. Moyo wa msaji, wa mninga na wa mvule una kemikali za asili ambazo mchwa na bungua huzikwepa. Ule weupe wa nje, chini ya gome, hauna kinga hiyo, na huliwa haraka. Kwa hiyo mnunuzi achague. Hili ni muhimu hasa kwa msaji wa kupandwa uliovunwa ukiwa mchanga, maana unakuwa na weupe mwingi. Ubao wenye ukanda mweupe ukatwe ukanda huo au urudishwe kwa muuzaji. Anayenunua bila kuangalia kisha akalaumu mti, anaulaumu kwa kosa la jicho lake. Papi za chini, kwa kuwa ni paini, lazima ziwe zimetiwa dawa kwa shinikizo, zile zenye rangi ya kijani kibichi, na si kupakwa kwa brashi.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Siku ya kwanza, vigae ni nafuu, hasa tangu viwanda vilipojengwa Mkuranga na Chalinze. Lakini tunazungumzia chumba kidogo. Mita 9 za mraba zinahitaji mbao 36 hivi za inchi moja kwa nne, na ukizijumlisha zote kabla ya randa ni kama theluthi ya mita ya ujazo. Mtu anayeagiza kitanda kikubwa na kabati la nguo la mbao ngumu kwa ajili ya chumba hicho hicho tayari ameshanunua kiasi cha kulinganishwa na hicho, na hakuna aliyemwambia anajifanya mkubwa. Ongeza kwamba ubao wa milimita 20 una milimita 6 au 7 za kulika juu ya ulimi. Kila unapochakaa unapigwa msasa usiofika hata milimita moja, unapakwa upya, na unarudi kuwa mpya. Hilo linaweza kufanyika mara kadhaa katika maisha ya nyumba. Kigae kikipasuka, jaribu kutafuta kinachofanana nacho baada ya miaka mitano. Na zile mbao bandia za kubonyezana zinazouzwa kwa maboksi ni picha ya mti iliyobandikwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Maji yakiingia kwenye kiungo zinavimba na hazirudi, na msasa hazivumilii kabisa. Watu wengi wanaosema sakafu ya mbao iliwaharibikia waliwekewa hizo, wala hawakuwahi kuwa na ubao sakafuni.

Hoja ya misitu ni nzito, na anayeitoa ana nia njema. Mninga umevunwa kupita kiasi, unachukua miongo mingi kufikia kimo cha kuvunwa, na magogo mengi yametoka porini usiku bila kibali. Simtetei anayetandika mninga wa namna hiyo. Lakini hoja hiyo inageuzwa kuwa ya kukataa kila ubao, na hapo inapoteza maana. Msaji umepandwa nchini tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1898. Leo upo katika mashamba ya serikali Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, upo kwenye mashamba ya kampuni bonde la Kilombero, na upo kwa wakulima binafsi. Unavunwa, unapandwa tena. Sehemu kubwa inasafirishwa nje ya nchi, na sisi tunabaki tukiambiana kwamba sakafu ya mbao haituhusu. Kwa anayetaka mbao za msitu wa asili zilizovunwa kihalali, vipo vijiji vya Kilwa ambavyo misitu yao ya jamii ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu, FSC, mwaka 2009. Kijiji kinachopata fedha kutokana na mti uliosimama kina sababu ya kuulinda. Kijiji ambacho mti wake hauna soko halali kitauchoma mkaa au kitaufyekea shamba la ufuta.

Na tuulize upande wa pili pia. Kigae huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, na saruji ya kukigandishia imepitia tanuru la nyuzi 1,450. Moto huo unatoka kwenye mafuta, makaa ya mawe au gesi. Ubao unaweza kukaushwa na upepo tu kivulini, na kaboni ambayo mti uliivuta hewani inabaki imefungwa sakafuni muda wote ubao utakapodumu. Anayejali misitu na hewa anapaswa kuweka vyote viwili kwenye mizani.

Limebaki lile la kwamba mbao chini si mambo yetu. Afrika Mashariki iliwahi kuuza sakafu Ulaya. Muhuhu, mti wa misitu mikavu ya Kenya na Tanzania, mgumu na mzito karibu kilo 900 kwa mita ya ujazo, ulikatwa vipande vya sakafu na kusafirishwa kwenda kutandikwa huko, mahali penye miguu mingi, kwa sababu haukuliki upesi. Nairobi bado zipo nyumba za miaka ya 1950 na 1960 zenye vyumba vya vipande vya mbao vilivyopangwa kama msuko wa mkeka, na wapangaji huzigombania. Huku mwambaoni, vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Zanzibar ni vyembamba, chini ya mita 3, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya ghorofa haziwezi kuvuka zaidi ya hapo. Upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Watu hao walijua kupanga nyumba kwa kuanzia kwenye mbao walizokuwa nazo, na ndicho ninachokidai kwa chumba cha mita 3 na ubao wa futi 12.

Sitasema mbao ziwekwe kila mahali. Bafuni hapana. Jikoni hapana. Nyumba ya bondeni ambako maji huingia kila masika, kama Jangwani, hapana, wala chumba ambacho paa lake linavuja na mwenyewe hajalitengeneza. Huko vigae vina haki yake kamili. Lakini chumba cha kulala, chumba cha kusomea, chumba cha watoto ambao wanacheza chini siku nzima: hapo zege na vigae vimetawala kwa mazoea tu. Mtoto anayekaa chini kwenye ubao hakai kwenye baridi ya asubuhi ya Julai kule Iringa au Njombe. Mzee mwenye magoti mabovu anapotua mguu usiku, ubao kwenye papi unampokea kwa ulaini ambao saruji haiujui. Akianguka, tofauti ni kubwa zaidi.

Pingamizi la mwisho nililisikia kwa mama mmoja aliyenisikiliza mpaka hapa akakubali yote, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, nitadeki vipi?" Ni swali la mtu anayeishi ndani ya nyumba, na linastahili jibu zuri kuliko majibu niliyowapa mafundi. Ndoo ya maji haimwagwi kwenye ubao. Unafagia kwa ufagio laini, kisha unapitisha dekio lililokamuliwa hadi lisidondoke tone, ukifuata urefu wa mbao, na madirisha yakiwa wazi sakafu inakauka kabla hujamaliza chumba. Maji yakimwagika, yanafutwa wakati huo huo. Kama sakafu imepakwa mafuta ya mbao, sehemu iliyopauka, mara nyingi mlangoni na pembeni mwa kitanda, inasuguliwa kidogo na kupakwa tena peke yake bila kugusa chumba kizima, na kama ni vanishi, inasubiri miaka kadhaa kisha inapigwa msasa mwepesi na kupakwa mkono mwingine. Kwenye mita 9 za mraba, kazi hiyo inaanza asubuhi na kuisha kabla ya adhuhuri. Miguu ya kitanda na kiti inabandikwa vipande vya kitambaa kizito ili isichore. Mchanga ndio adui mkubwa kuliko maji, kwa hiyo panatakiwa zulia dogo mlangoni na viatu vibaki nje, jambo ambalo nyumba nyingi za huku tayari zinalifanya bila kuambiwa na mtu.